Tarumbeta la Sauti ya Tatu

Kijijini kwao Elinaza, juu kabisa milimani, ambako ukisimama ukingoni unakiona kijiji cha Kisiwani chini ya miguu yako na nyika yote mpaka inapopotelea kwenye vumbi, mtu hazikwi kimya kimya. Asubuhi ya maziko wapiga tarumbeta wa usharika hujipanga nyuma ya kanisa na kupuliza, na walio kwenye mashamba ya tangawizi huacha majembe wakaulizana ni nani huyo leo. Watu wa huko wanajivunia jambo hilo kupita kiasi. Watasamehe jeneza la mbao za hovyo, watasamehe makande yasiyoiva na mchungaji aliyechelewa, lakini maziko yasiyo na tarumbeta watayataja miaka ishirini. Na hayo humkuta mtu wa aina moja tu: aliyetengwa na usharika kwa kosa lake, akafa kabla hajasimama mbele ya madhabahu kutubu na kurudishwa kundini.

Baba yake Elinaza, mzee Aminieli, aliwaongoza wapigaji hao miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mkulima mwembamba mwenye koti moja, mkali kuliko wachungaji wote waliopita pale, na ufundishaji wake ulikuwa wa aina yake. Sauti ya kwanza aliiweka ndani ya kanisa, ya pili ofisini, ya tatu kwenye jiko la akina mama, ya nne nje kwenye upepo. Kila kundi lilipewa kibao chake cha do-re-mi, na hawakukutanishwa mpaka Jumamosi. "Atakayeonja sauti ya mwenzake ni mwizi," alikuwa akisema, na hakuwa anatania.

Binti yake Elinaza alipewa sauti ya tatu akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa sababu mpigaji wake alikuwa ameenda Tanga kutafuta maisha. Alikaa nayo miaka kumi na miwili. Kuimba aliimba kama waumini wengine wote, lakini tarumbeta likigusa midomo, wimbo kwake ulikuwa ile njia ya katikati, inayopanda ngazi mbili na kushuka moja, ambayo watu hawaijui ipo mpaka ikosekane. Nyimbo mia na zaidi alizijua hivyo kwa moyo. Hakuona upungufu wowote, na nani angemwambia, wakati wote pale walikuwa vivyo hivyo?

Mwaka 2021 usharika rafiki wa Ujerumani uliomba kijana mmoja wa kujitolea mwaka mmoja kwenye makao ya wazee, na jina la Elinaza likapita. Aliomba aende na tarumbeta lake. Lake ni neno la mazoea tu. Tarumbeta lilikuwa mali ya usharika, kongwe, limebonyea shingoni, na hakukuwa na jingine la sauti hiyo. Kamati ilipokaa kujadili, mzee Aminieli alitoka nje akasimama kwenye mvua, maana hakutaka kuamua jambo la mwanawe. Wakamwita wakamwambia wamekubali. Kwenye daftari likaandikwa kwamba litarudi Agosti 2022, na mdhamini ni yeye.

Mji alioufikia ulikuwa mdogo, wa matofali yaliyoiva na jua lisiloiva. Kazi yake ilikuwa kuwaosha wazee, kuwalisha, kuwageuza vitandani, kuwasikiliza wakimwita kwa majina ya mabinti zao. Baridi ilimpasua midomo, na mpiga tarumbeta mwenye midomo iliyopasuka ni kama mkulima mwenye jembe lisilo na mpini. Chumbani hakuruhusiwa kupuliza, kwa hiyo alifanya mazoezi chini ya jengo, kwenye chumba cha kufulia, mashine zikizunguka na mashuka ya wazee. Alilia mara nyingi humo ndani. Mashine zilikuwa na kelele, na hilo lilimsaidia.

Jumapili moja, kanisani kwa wenyeji wake, mwanamke mmoja alisimama ghorofani na kupiga tarumbeta peke yake. Hakuna aliyemsindikiza. Kanisa zima lilinyamaza kwa ajili ya pumzi ya mtu mmoja. Elinaza alikuwa hajawahi kuwaza kwamba jambo hilo linaruhusiwa, na tangu saa ile alilitaka mpaka akaugua. Alimpigia baba yake simu akamwambia anataka kuingia chuo cha muziki hukohuko.

"Kusomea kupuliza?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Haya. Basi kapulize vizuri."

Mtihani wa kuingia chuo ulikuwa Juni 2022, mji mkubwa, saa mbili kwa treni. Kipande kilichopangwa alikipiga akapita kwa shida. Kisha wale waamuzi watatu wakamwambia apige chochote akipendacho, kitu cha kwao. Hapo Elinaza akatulia kabisa, maana hicho ndicho alichokuwa anakisubiri. Alifumba macho akapiga wimbo wa maziko, ule ambao nyumbani humfanya hata mlevi avue kofia. Kichwani mwake zile sauti nyingine tatu zilikuwapo zote, na kilima, na baba yake mbele na fimbo yake ya mpera. Alipomaliza alikuwa na machozi.

"Vizuri," alisema mwamuzi mmoja kwa upole. "Sasa tupigie wimbo wenyewe."

"Huo ndio wimbo," Elinaza alijibu.

Wakatazamana. Walikuwa wamesikia dakika nne za noti zinazozunguka mlemle, kama mtu anayetembea uani akisubiri mlango ufunguliwe. Barua ilikuja baada ya wiki mbili: mwombaji ana pumzi nzuri, lakini hawezi kubeba wimbo peke yake.

Lilikuwa kosa la kumchekesha mtu, lakini lilimuuma kuliko yote yaliyompata huko. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Wa ugenini hutumiwa barua. Lakini Elinaza alikuwa binti wa Aminieli, kichwa chake kigumu kama cha babaye. Yale makao ya wazee yalimpa nafasi ya kubaki kama mwanafunzi wa uuguzi, miaka mitatu, na akajiambia mtihani ataurudia hata mara tano. Kikwazo kilikuwa kimoja. Makao yalikuwa ya kanisa, na kila mwaka walitaka barua ya usharika wake wa nyumbani kwamba ni mtu mwenye mwenendo mwema. Na usharika ulikuwa unataka tarumbeta lake.

"Baba, Agosti imefika," alisema kwenye simu. "Nikilirudisha, mtihani sina. Nisipolirudisha, barua sina."

"Kaa nalo."

"Na wazee?"

"Nitaongea nao."

Baada ya wiki tatu mzee akampigia yeye mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, akasema, "Yamekwisha. Fanya yaliyokupeleka." Barua ikaja ikiwa na mhuri na sahihi zote. Elinaza alishukuru Mungu, akawashukuru wazee wa kanisa moyoni, akashika kazi. Hakuuliza yamekwishaje. Kuuliza si ujinga, lakini kuna majibu mtu huyakwepa kwa sababu anahisi yatamgharimu, na huu ndio ukweli ambao Elinaza baadaye hakuukana.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya maji ya shingo. Asubuhi wazee, mchana darasa la uuguzi, jioni chumba cha kufulia. Bibi mmoja kati ya wale wazee, Gerda, aliyewahi kufundisha watoto muziki na sasa hakumbuki hata jina lake, alikuwa akiletwa pale chini na kiti chake cha magurudumu kwa sababu kelele za mashine zilimtuliza. Elinaza akipuliza, bibi alimkatiza kwa kidole: hapana, hapana, juu. Alimfundisha kuanza kutoka juu. Alimfundisha bila kujua anafundisha, kisha akafa Januari, na Elinaza ndiye aliyemwosha. Mtihani wa 2023 alianguka tena, kwa pointi chache. Aliweka picha yake na tarumbeta kwenye status, akiwa ameegemea mashine ya kufulia, akaandika, "Bado tupo." Mwaka huo angeweza kununua tarumbeta la mtumba. Alilitazama moja dukani, akalipuliza, akalirudisha. Lile kongwe lilikuwa limeshamzoea mdomo.

Jambo lililompa nguvu ni simu za baba yake. Zamani mzee alikuwa mtu wa simu fupi kama telegramu, lakini sasa alipiga kila Jumapili asubuhi na kuongea kwa raha. Alimweleza mvua, bei ya tangawizi, msaragambo wa kijiji kizima kusafisha mfereji, ng'ombe wa jirani aliyeanguka korongoni. Nyuma yake Elinaza alisikia kuku na upepo wa nyumbani, akajihisi yuko kizingitini. Mara moja tu aliangalia saa. Huko ilikuwa saa nne na nusu, ibada katikati. "Baba, leo hukwenda kanisani?" Mzee akasema mguu unamsumbua. Elinaza akamwambia apake dawa.

Juni 2024 alipita. Alipiga peke yake mbele ya watu watatu, kutoka juu, na hakuna aliyemuuliza wimbo uko wapi. Alipompigia baba yake, mzee alicheka kicheko ambacho Elinaza hakuwahi kukisikia utotoni mwake mote, akarudia mara tatu, "Wamekuchukua! Wamekuchukua!" Septemba mwanzoni, mzee Aminieli alianguka shambani na kufa kabla hajafikishwa hospitali mjini Same.

Elinaza alihitaji karatasi ya kumruhusu kuingia tena Ujerumani, na karatasi za huko haziendeshwi na kilio cha mtu. Alishuka Same siku ya tisa, baba akiwa ameshazikwa. Stendi ilikuwa ileile, jua lileile la kuunguza visogo, wauza vitunguu wakikimbilia madirisha ya mabasi ya Dar. Abdulrahmani, dereva wa gari la Noah linalopanda juu, alimtambua, akamwekea kiti cha mbele na kufunga mzigo wake vizuri. Tarumbeta Elinaza alilipakata.

"Pole sana, dada. Mzee tulimpenda."

"Asante, kaka. Watu walikuwa wengi?"

"Wengi mno. Mpaka wa Kihurio walipanda."

"Walimpigia wimbo gani?"

Abdulrahmani alibadilisha gia mahali pasipohitaji gia. "Muulize mama," alisema, akakaza macho kwenye kona za mlima.

Mama yake alikuwa uani akipukuchua maharage. Walikumbatiana, wakalia mpaka wakachoka, kisha Elinaza akauliza lile swali tena. Mama, aliyeitwa Hana binti Eliezeri, si mwanamke wa maneno mengi. Aliendelea kupukuchua.

"Hawakupiga," alisema.

"Hawakupiga vipi? Baba?"

"Baba yako alikuwa ametengwa, Elinaza. Miaka miwili sasa."

Ndipo yakamtoka yote, kwa sauti ileile ya kuhesabu maganda. Agosti ile ya 2022 kamati ilimwita mzee Aminieli kama mdhamini, wakamuuliza tarumbeta liko wapi. Akijibu liko kwa mwanangu, wataandika barua Ujerumani, na barua ya mwenendo mwema haitatoka. Basi akasimama akawaambia mwanawe alishalirudisha, akalipokea yeye mwenyewe stendi ya Same, akaliuza kwa mtu wa Arusha. Siku hiyohiyo walimvua uongozi. Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa mbele ya watu wote, kati ya mlevi na mtu wa nyumba ndogo.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Aliniapisha. Alisema ukijua utarudi."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Elinaza alikaa chini, kwenye udongo, na nguo zake za safari ya ndege. Alizikumbuka zile Jumapili moja moja, kuku na upepo na bei ya tangawizi. Alikuwa akizifurahia. Mzee alikuwa na nafasi ya kuongea kwa sababu kila mtu kijijini alikuwa kanisani isipokuwa yeye.

"Wangemsamehe, mama. Angetubu tu."

"Walikuja mara tatu kumbembeleza. Aliwaambia hawezi kusimama madhabahuni akatubu dhambi ambayo hakuitenda. Kwamba huko kutakuwa ni kumdanganya Mungu." Mama alisukuma maganda kwa mguu. "Kuidanganya kamati aliona ni kitu kingine."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Elinaza alibeba tarumbeta akaenda kanisani, na njiani alikwishapanga maneno. Atasema ni yeye. Wamtenge yeye, jina lake lisomwe, barua yake waifute, chuo akikose, lakini baba yake arudishiwe heshima. Alikuwa tayari kabisa, na ndani ya ule utayari kulikuwa na nafuu fulani, maana kupewa adhabu ni afadhali kuliko kubaki na kilichobaki.

Wapigaji walikuwa saba, wamekaa kwenye mabenchi wakisafisha vyombo. Aliyewaongoza sasa ni mzee Loth, mpigaji wa sauti ya nne, rafiki wa baba yake tangu utoto.

"Shikamoo, mzee Loth. Shikamooni wote."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

Elinaza aliweka tarumbeta mezani, likalia kidogo lilipogusa mbao. "Hili hapa," alisema. "Halijauzwa. Nilikuwa nalo mimi siku zote. Baba hakuiba kitu. Nimekuja mniandike mimi."

Alingoja washtuke. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja alikuwa anaendelea kufuta tarumbeta lake kwa kitambaa, mwingine akatazama sakafu.

"Tunajua," alisema mzee Loth.

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu aliposema. Aminieli auze chombo cha kanisa? Aminieli aliyesimama kwenye mvua sisi tukijadili?" Mzee alitikisa kichwa. "Na kama kuna aliyekuwa na shaka, wewe mwenyewe uliweka picha. Siku hizi nani hana simu?"

Elinaza alishika meza. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, akasahau kwamba anaongea na wakubwa. "Mkajua, mkamtenga! Mkajua, mkamzika kama mbwa!"

"Kaa, mwanangu."

"Sikai! Mbona hamkusema?"

"Tungesema, barua yako angesaini nani?" Loth aliuliza taratibu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mimi ndiye niliyesaini. Zote mbili. Ya kwako ya mwenendo mwema, na ya kumtenga yeye. Siku moja, meza hii. Alikuja nyumbani kwangu jioni yake akaniambia asante. Unajua ilivyo, mtu kukushukuru kwa jambo kama hilo?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni za jikoni, kwa ajili ya maziko ya kesho ya mama mmoja wa kitongoji cha chini.

"Basi njooni mumpigie," Elinaza alisema, na sauti sasa ilikuwa imekatika. "Hata leo. Kaburi bado bichi. Nawaomba."

"Mfu hatubu, Elinaza. Asiyetubu hapigiwi. Kanuni hiyo tuliiandika mwaka tisini na nane, na aliyeshika kalamu ni baba yako. Tukiivunja kwa ajili yake, tutakuwa tumemfanya mjinga miaka yote hii." Mzee alijifuta uso na mkono wa shati. "Nimewaza sana. Silali. Sina jibu jingine."

"Basi nitengeni mimi. Haki yangu hiyo."

"Kosa hilo limeshaungamwa, na mwenye kuliungama amezikwa. Daftari limefungwa."

Mzee Loth akalishika lile tarumbeta, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye shingo iliyobonyea. Kisha akalisukuma mezani mpaka likamfikia Elinaza kifuani.

"Chuo kinafungua lini?"

"Oktoba."

"Basi nenda nalo."

"Siwezi, mzee. Nimelileta. Ni la usharika."

"Lilikuwa. Baba yako ameshalilipia."

Elinaza alimtazama kila mmoja wao kwa zamu, akitafuta hata mmoja mwenye chuki usoni, ili apate pa kuliacha tarumbeta lile. Wote walikuwa wamesimama, kwa heshima, mikono nyuma. Akalichukua, kwa kuwa hakuna aliyekubali kulipokea.